BOINC imegoma kwenye Linux ya nyumbani? Anza na logi, usikimbilie sudo

Programu imesakinishwa, kompyuta imewaka, intaneti ipo. Dirisha la BOINC limefunguka lakini ni jeupe: hakuna mradi, hakuna kazi, na chini kabisa kuna maneno yanayosema haijaunganishwa. Feni imetulia tu. Kwa wengi wanaojaribu kuchangia nguvu ya kompyuta zao kwa watafiti kupitia Linux, safari huishia hapo, siku ya kwanza.

Wengine hawakati tamaa. Wanaweka sudo mbele ya kila amri mpaka kitu kikubali. Hapo ndipo tatizo dogo linapogeuka kubwa.

BOINC si programu kama kicheza muziki. Kazi yake ni kupakua programu za watu wengine kutoka mbali na kuziendesha ndani ya kompyuta yako usiku na mchana, bila kukuuliza kila mara. Ukiipa mamlaka yote ya mashine ili tu iache kulalamika, ni sawa na kumpa funguo za nyumba mgeni aliyeomba kivuli cha barazani.

Habari njema ni kwamba hitilafu nyingi zinatengenezeka bila kumpa mgeni huyo funguo.

Hesabu kubwa, vipande vidogo

BOINC ni programu ya bure iliyoanza mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani, chini ya David Anderson. Inachukua hesabu ambayo ingehitaji kompyuta za mamilioni ya dola, inaikata vipande, inavigawa kwa kompyuta za watu wa kawaida, kisha inakusanya majibu.

Wazo hilo lilipata umaarufu kupitia SETI@home, mradi wa Berkeley uliozinduliwa tarehe 17 Mei 1999 kutafuta dalili za viumbe wenye akili nje ya dunia katika mawimbi ya redio. Zaidi ya watu milioni 5 walijiunga nao katika uhai wake. Tarehe 31 Machi 2020 uliacha kugawa kazi. Bado wapo wanaousoma kwenye makala za zamani, wanajaribu kujiunga, halafu wanadhani Linux yao ndiyo mbovu.

Miradi mingine inaendelea. Einstein@Home hutafuta nyota aina ya pulsa na mawimbi ya mvutano. LHC@home ni ya CERN, kituo cha fizikia cha Ulaya. Rosetta@home, ya Chuo Kikuu cha Washington, hukokotoa maumbo ya protini. Imetoka katika maabara ya David Baker, mmoja wa washindi watatu wa Nobel ya Kemia mwaka 2024.

Afrika nayo imeguswa. Kuanzia mwaka 2006 hadi 2016 mradi wa malariacontrol.net ulitumia kompyuta za watu majumbani kuiga jinsi malaria inavyoenea na jinsi vyandarua au chanjo vinavyoweza kuipunguza. Uliendeshwa na taasisi ya tiba za kitropiki ya Basel, Uswisi, ileile iliyoanzisha maabara ya Ifakara mkoani Morogoro katika miaka ya 1950. Mwaka 2019 ukaja Africa Rainfall Project wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, wa kuiga mvua za bara hili kwa undani kuliko ilivyozoeleka. Huo ulipita kwenye World Community Grid, jukwaa lililoanzishwa na IBM mwaka 2004.

Kompyuta ikikosea, nani analipa?

Jibu moja likikosewa, sayansi haiharibiki. Miradi mingi hutuma kipande kilekile kwenye kompyuta mbili au zaidi, za watu wasiojuana, kisha hulinganisha majibu. Yasipofanana, anatafutwa wa tatu. Miradi mingine hupunguza ukaguzi huo kwa kompyuta iliyojenga historia nzuri.

Anayelipa ni mwenye mita. Chukua kompyuta ya mezani ambayo ikifanya kazi hizi inaongeza wati 60 juu ya matumizi yake ya kawaida. Ikikesha saa 24, hizo ni wati-saa 1,440, karibu uniti moja na nusu kwa siku. Kwa mwezi ni kama uniti 43. Kwa kaya ya Tanzania iliyo kwenye kundi la matumizi madogo, D1, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya nusu ya kikomo chote.

Sasa fikiria kila kazi inakwenda saa nane, halafu inaishia na maneno "Computation error". LUKU imeliwa, mtafiti hajapata kitu, na kipande kinapelekwa kwa mtu mwingine kianze upya. Hivyo, kabla ya kuiacha mashine ikeshe, ni busara kuhakikisha kwamba kazi mbili tatu za mwanzo zimekamilika na kukubaliwa.

Ukuta uliojengwa makusudi

Kwenye Ubuntu, Debian na ndugu zao, BOINC huja sehemu mbili. Kuna injini iitwayo boinc-client, ambayo ni huduma inayowaka pamoja na kompyuta. Halafu kuna dirisha la kuiongoza, boincmgr, linalofunguliwa na mwenye kompyuta anapotaka kuangalia mambo.

Watu wengi hawajui kwamba injini haiendeshwi kwa jina lao. Usakinishaji huunda mtumiaji mpya aitwaye boinc, asiye na mamlaka, mwenye folda lake ndani ya /var/lib. Folda hilo huitwa boinc-client au boinc, kutegemea toleo. Programu zote zinazopakuliwa kutoka kwenye miradi hukaa humo na hufanya kazi kwa jina la mtumiaji huyo. Hata kama siku moja seva ya mradi itavamiwa na kutuma kitu kibaya, kitajikuta kwa mtumiaji asiyeruhusiwa kubadili mfumo. BOINC pia hukagua saini ya kidijitali ya programu kabla ya kuiendesha. Ni kinga mbili, na zote zina maana.

Ukuta huohuo ndio chanzo cha lile dirisha jeupe.

Dirisha na injini huzungumza ndani ya kompyuta kupitia mlango namba 31416, tarakimu za mwanzo za pai, utani wa wanahesabu. Ili dirisha likubaliwe, lazima litoe nenosiri lililoandikwa kwenye faili liitwalo gui_rpc_auth.cfg. Faili hilo ni mali ya boinc. Mwenye kompyuta akifungua dirisha kwa jina lake, haruhusiwi kulisoma, na mazungumzo yanaishia hapo.

Kwanza hakikisha injini yenyewe iko hai:

systemctl status boinc-client

Ukiona "active (running)", injini ni nzima. Basi jiongeze kwenye kundi la boinc:

sudo usermod -aG boinc $USER

Kisha toka kwenye akaunti yako ya kompyuta na uingie tena. Hatua hii ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Kufunga dirisha na kulifungua tena hakutoshi, kwa sababu Linux husoma makundi ya mtu pale anapoingia. Baada ya hapo, nenda kwenye folda la BOINC na ufungulie dirisha kutoka hapo:

cd /var/lib/boinc-client
boincmgr

Likigoma bado, huenda faili la nenosiri limefungwa hata kwa wanakundi. Linafunguliwa kwa sudo chmod g+r gui_rpc_auth.cfg. Sudo hiyo ni halali: inafungua faili moja, kwa kundi moja, mara moja.

Kisicho halali ni chmod 777 kwenye folda zima, ushauri unaosambaa sana mtandaoni. Unafanya kazi, ndiyo. Lakini unaruhusu programu yoyote ya mtumiaji yeyote kwenye mashine hiyo kubadilisha kile ambacho BOINC inaendesha. Kadhalika kuruhusu mlango 31416 kwa kompyuta zote za mtandaoni, eti ili mtu aongoze BOINC akiwa nje. Kwa kawaida mlango huo husikiliza ndani tu. Uachwe hivyo.

Aliyeshatumia sudo afanyeje?

Dalili ni rahisi kuitambua. Mtu aliandika sudo boincmgr, au aliandika boinc peke yake akiwa kwenye folda lake la nyumbani. Amri hii ya pili huanzisha injini nyingine, na ghafla mafaili ya ajabu ajabu yanajaa palepale alipo: client_state.xml, folda la projects, la slots. Sasa kuna injini mbili zinazogombea mlango mmoja. Anaongeza mradi kwenye moja, anaangalia nyingine, anajikuna kichwa.

Simamisha zote. Injini ya pili, ile iliyoanzishwa kwa mkono, inafungwa pale ilipofunguliwa. Huduma inasimama kwa sudo systemctl stop boinc-client. Halafu folda la huduma lirudishwe kwa mwenyewe, maana huenda baadhi ya mafaili sasa ni mali ya root:

sudo chown -R boinc:boinc /var/lib/boinc-client/

Mkwaju wa mwisho si pambo. Kwenye matoleo mapya jina hilo ni njia ya mkato kwenda folda jingine, na bila mkwaju amri inaweza kuishia mlangoni. Washa tena huduma kwa sudo systemctl start boinc-client.

Logi inasema, tatizo ni kuisoma

Injini ikishaunganishwa, karibu kila kinachoisumbua kimeandikwa. Kwenye dirisha, bonyeza Ctrl+Shift+E na daftari la matukio litafunguka. Kama dirisha lenyewe ndilo linalogoma, tumia amri:

journalctl -u boinc-client -n 50

Hiyo huonyesha mistari 50 ya mwisho. Soma ukianzia chini, na jiulize swali moja kwa kila mstari wenye lawama: anayesema ni nani? Je, ni seva ya mradi, ni mipangilio yako, au ni mashine?

Ukikuta "Project has no tasks available", seva ndiyo inayosema, na maana yake ni kwamba hakuna kazi kwa sasa. Huna cha kurekebisha. Miradi hii ni ya watafiti. Kuna wiki wanachambua majibu na hawana kipya cha kugawa. World Community Grid ilipohama kutoka IBM kwenda taasisi ya Krembil, Toronto, mwaka 2022, wachangiaji walisubiri miezi kadhaa. Dawa ni kujiunga na miradi miwili, mmoja ukinyamaza mwingine uendelee.

"Communication deferred" nayo huwatisha watu bure. Injini imepiga hodi, haikujibiwa, imeamua kusubiri kabla ya kupiga tena, na kila ikishindwa inaongeza muda wa kusubiri. Kubonyeza Update mara 20 kwa dakika hakuharakishi kitu. Kunaisumbua tu seva ambayo tayari imezidiwa.

Mstari unaoanza na "Suspending computation" ni wa kwako. Baada ya kistari huja sababu: kompyuta inatumika, iko kwenye betri, si saa uliyoruhusu, au prosesa ina shughuli nyingine. Hii ya mwisho, "CPU is busy", huwashangaza wengi. Upo mpangilio unaoiambia BOINC isimame pale programu nyingine zikipita asilimia fulani ya prosesa, na mara nyingi huwekwa 25. Kivinjari chenye vichupo 30 kinafika hapo bila jasho.

Na kuna lile la mtu anayebadilisha mipangilio kwenye tovuti ya mradi, anasubiri, haoni tofauti. Sababu ni kwamba siku moja aligusa mipangilio ndani ya dirisha la BOINC. Tangu hapo mipangilio ya mashine ndiyo yenye nguvu, ya tovuti haisikilizwi. Ndani ya dirisha la mipangilio kipo kitufe cha kurudi kwenye ile ya tovuti.

"Faili halipo", na faili lipo

Hili ndilo tatizo la Linux linalostahili muda zaidi, kwa sababu ujumbe wake unapotosha. Kazi inapakuliwa, inaanza, inakufa ndani ya sekunde moja. Nyingine inakuja, nayo inakufa. Maelezo ya hitilafu yanasema:

execv: No such file or directory

Mtu anakwenda kwenye folda na kulikuta faili la programu limekaa pale, zima. Anafuta mradi, anaanza upya, inatokea vilevile.

Kinachokosekana si faili hilo. Baadhi ya miradi bado ina programu za biti 32, zilizojengwa zamani. Linux ya leo ni ya biti 64, na mara nyingi haiji na ile sehemu ndogo ya mfumo inayozipakia programu za biti 32 kwenye kumbukumbu. Linux inapoitafuta sehemu hiyo na kuikosa, hulalamika kana kwamba imeikosa programu yenyewe.

Amri ya file ikifuatiwa na jina la programu itasema kama ni ya biti 32. Ikiwa ndivyo, kwenye Ubuntu na Debian ya biti 64:

sudo apt install libc6-i386 lib32stdc++6

Washa upya huduma, ruhusu kazi moja, tazama. Ikivuka dakika tano, shida imekwisha. Inawezekana pia kwenda kwenye akaunti ya mradi na kuchagua programu nyingine ya mradi huohuo iliyo ya biti 64.

Chungulia kwa jirani

Kipimo kizuri kuliko vyote hakiko kwenye kompyuta, kiko kwenye tovuti ya mradi, na kinasomeka hata kwa simu. Ingia kwenye akaunti, fungua orodha ya kazi, bonyeza kipande kilichoshindwa. Utaona kompyuta nyingine zilizopewa kipande hichohicho na kilichowapata.

Wote wameshindwa? Kipande ni kibovu, mradi umekosea, wewe lala usingizi. Wenzako wamefaulu na ni wewe tu uliyeanguka, tena si mara moja? Tatizo liko kwenye mashine yako. Bonyeza kazi yako mwenyewe usome maelezo marefu yaliyo chini yake. Lile neno "execv" hukaa huko.

Kama makosa yako hayana mpangilio, leo mradi huu, kesho ule, na sababu hubadilika kila mara, washukiwa ni wawili: joto au RAM. RAM hupimwa na memtest86+, ambayo huendeshwa kabla Linux haijawaka. Iache ikeshe usiku mmoja. Joto lina habari yake.

Joto la Dar si joto la Berkeley

BOINC huipa prosesa kazi kwa asilimia 100 kwa masaa. Laptopu haikuundwa kwa maisha hayo, hasa iliyowekwa kitandani, yenye vumbi la miaka mitatu kwenye feni, katika chumba chenye nyuzi 32. Sakinisha lm-sensors na uandike sensors. Kikomo cha prosesa nyingi kiko karibu na nyuzi 100. Ikifika huko hupunguza kasi yenyewe, na ikizidi hujizima. Kompyuta "inayozimika yenyewe" baada ya nusu saa ya BOINC mara nyingi haina kirusi. Imeiva.

Mipangilio ina vishikio viwili vinavyofanana na watu huvichanganya. Kimoja hupunguza idadi ya viini vya prosesa vinavyotumika, kingine hupunguza asilimia ya muda. Hicho cha muda hufanya kazi kwa kuwasha na kusimamisha kila baada ya sekunde chache, hivyo feni inapanda na kushuka kama pumzi ya mtu aliyekimbia. Bora kupunguza viini. Kwenye prosesa ya viini vinne, anza na viwili.

Kuna kasoro nyingine ya kujua. Kwa kuwa injini ni mtumiaji tofauti, kwenye Linux nyingi haiwezi kuona kama mtu anagusa kibodi au kipanya. Kile kipengele cha "simama ninapotumia kompyuta" kinaweza kisifanye kazi kabisa. Badala ya kuutoboa ukuta ili ione, weka saa: ifanye kazi kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, basi.

Saa ya kompyuta, umeme na bando

Umeme ukikatika kila mara, kompyuta ya zamani hupata ugonjwa wa kupoteza tarehe. Kibetri kidogo kwenye ubao mama, kile cha duara kiitwacho CR2032, kimekufa. Kompyuta inawaka ikiamini ni miaka kadhaa nyuma. Vyeti vya usalama vya seva vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, hivyo injini inavikataa, na logi inajaa malalamiko yenye neno "certificate". Andika timedatectl utazame tarehe. Kibetri ni cha bei ndogo.

Tarehe ikiwa sahihi na malalamiko yakabaki, mfumo umezeeka. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kikuu cha zamani kilichotegemewa na Let's Encrypt kiliisha muda, na kompyuta zisizosasishwa zikaanza kukataa tovuti nyingi, za miradi ya BOINC zikiwemo. Kusasisha kifurushi cha ca-certificates hutosha mara nyingi.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, si kila kitu hupotea. Programu nyingi huandika hatua zilipofikia kwenye diski, na ukiwaka huendelea kutoka hapo. Lakini zipo zinazoandika kwa nadra sana, nyingine hazifanyi hivyo kabisa. Mahali ambapo umeme hukatika kila jioni, kazi fupi za saa mbili zina faida kuliko ya siku tano.

Bando nalo liangaliwe. Kazi za Africa Rainfall Project zilijulikana kwa mafaili makubwa, ya kushuka na ya kupanda. Kazi za kutafuta namba tasa, kwa upande mwingine, hutumia data kidogo sana. BOINC huruhusu kuweka kikomo cha megabaiti kwa siku kadhaa na saa za kutumia mtandao, jambo linalomfaa mwenye bando la usiku.

Kadi ya picha haionekani

Mwenye kompyuta ana kadi nzuri, michezo inacheza vizuri, lakini logi inasema "No usable GPUs found". Ni ukuta uleule. Yeye anaruhusiwa kuitumia kadi, mtumiaji boinc haruhusiwi. Anaongezwa kwenye makundi mawili:

sudo usermod -aG video,render boinc

Kwenye Debian na Ubuntu huenda ukahitaji pia kifurushi boinc-client-opencl, pamoja na draiva ya kadi yenyewe. Kisha huduma iwashwe upya. Kama inaiona kadi ukiiwasha upya kwa mkono lakini haiioni kompyuta inapowaka asubuhi, injini inaamka kabla ya draiva. Ichelewe kidogo: andika sudo systemctl edit boinc-client, na chini ya [Service] weka ExecStartPre=/bin/sleep 30.

Ukiamua kuacha

Wapo watakaopiga hesabu za uniti na kuona haiwezekani. Hakuna ubaya, ila njia ya kuondoka ina adabu yake. Ukifuta BOINC ghafla, seva haijui. Itaendelea kusubiri kazi ulizobeba hadi muda wake uishe, siku kadhaa au wiki, ndipo impe mtu mwingine.

Chagua mradi, bonyeza "No new tasks", acha zilizobaki zimalizike na zitumwe. Kama huwezi kusubiri, zifute kwa kitufe cha Abort, kisha bonyeza Update ili seva ipate taarifa na izigawe upya siku hiyohiyo. Orodha ikiwa tupu, ondoa mradi, ndipo uandike sudo apt remove boinc-client boinc-manager.